Mashua Ikipanda Nchi Kavu, Nani Anaibeba?

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii)



Ukisimama asubuhi pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo, hukai dakika tano bila kusikia sauti nyuma yako: "Pisha njia! Mzigo huo!" Ukigeuka unamwona kijana amejikunja nyuma ya mkokoteni uliojaa marobota, jasho linamchuruzika, na mwenzake yuko mbele akitafuta upenyo kati ya magari na wauza matunda. Unaruka pembeni, pengine unanuna kidogo, kisha unaendelea na hamsini zako. Kabla hujafika kona, kijana yule umekwisha msahau.

Leo napenda tuzungumze juu ya mzigo mmoja wa ajabu kuliko marobota ya Kariakoo. Nao ni chombo cha majini kinachosafirishwa nchi kavu. Mashua au meli tumezoea kuiona ikielea, na watu wamo ndani yake. Lakini zipo siku ambapo mambo hugeuka, chombo kikawa ndicho abiria na binadamu akawa ndiye chombo. Katika sehemu zetu hizi za Afrika siku hizo zimekuwapo nyingi, na safari mojawapo kubwa ilianzia hapa hapa Dar es Salaam. Mwisho wa mazungumzo haya mtaona kwamba hata jina la Kariakoo halimo mbali na habari hii.

Kwanza tujiulize: kuna ugumu gani kuisafirisha mashua nchi kavu?

Mashua ikiwa majini hubebwa na maji kila mahali chini yake, kuanzia omo hadi tezi. Uzito wake umetandazwa, wala hakuna ubao unaoelemewa peke yake. Ukiitoa majini na kuiweka juu ya tela au magogo, uzito ule ule sasa unakaa juu ya sehemu mbili tatu tu. Mkuku unaweza kupinda, mataruma yakaachana, na mbao zikapasuka kwa kila shimo la barabarani. Ndiyo maana mafundi wetu wa pwani wanapoipandisha jahazi ufukweni huiegemeza kwa miti mingi kila upande.

Tena kuna jua. Mbao za mashua huvimba kwa maji, na kule kuvimba ndiko kunakoziba nafasi kati ya ubao na ubao. Mashua ikikaa juani wiki kadhaa, mbao hunywea, kalafati hulegea, na siku itakaporudishwa majini itavuja kama kapu. Na jambo la tatu ni umbo lenyewe. Mashua ni ndefu, ni pana katikati, na haina mahali pazuri pa kushika. Barabara inayolipitisha gari bila taabu huweza kuikatalia mashua kwenye kona moja tu.

Kwa hiyo tangu zamani anayetaka kupitisha chombo nchi kavu ana njia mbili tu. Aidha akikate vipande na kukiunga tena mbele ya safari, au akikokote kizima kizima. Njia zote mbili zimejaribiwa kwetu, na kila moja ilikuwa na gharama yake.

Tuanze na ile ya kukata vipande. Mwaka 1874 msafiri Henry Morton Stanley alifika Zanzibar akiwa na mashua ya tanga iliyotengenezwa Uingereza, katika mji wa Teddington kando ya mto Thames. Iliitwa Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani kama meta 12, na upana futi 6. Fundi aliiunda kwa vipande vitano vya kuunganishwa. Lakini vilipofikishwa Zanzibar vilionekana kuwa vizito na vipana mno kwa njia zetu, ikabidi vigawanywe tena viwe vidogo zaidi.

Njia za misafara wakati ule zilikuwa vichochoro vya upana wa mtu mmoja, wakifuatana kama siafu. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasitumie magari ya ng'ombe? Jibu ni mbung'o. Ugonjwa wa malale unaoenezwa na inzi huyu huua ng'ombe, farasi na punda. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa mwaka 1877, na ng'ombe wakafa njiani. Hivyo wakati ule, karibu kila kitu kilichokwenda bara au kurudi pwani kilipanda juu ya bega au kichwa cha binadamu.

Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba, 1874. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe walikuwa watu 356, wengi wao kutoka Zanzibar na mrima. Walipita Mpwapwa na Ugogo, wakakunja kaskazini kuelekea Unyaturu na Usukuma. Masika ya bara yaliwakuta njiani, wakapata mvua, njaa, maradhi na mapigano. Tarehe 27 Februari, 1875, yaani baada ya siku zaidi ya 100, walifika Kageyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu na Mwanza ya leo.

Hebu fikirini kazi ya watu wale waliobeba mashua. Mpagazi wa vitambaa au shanga alikuwa na tumaini moja: mzigo ule ulikuwa ndiyo fedha ya msafara. Kila kijiji palipotolewa doti kadhaa kununulia chakula, marobota ya msafara yalipungua. Lakini kipande cha mashua hakipungui. Kina uzito ule ule Bagamoyo, uzito ule ule Ugogo, uzito ule ule Usukuma. Hukiweki kichwani kama gunia, maana ni kirefu na kina kingo. Hushikwa na watu wawili wanaopaswa kutembea hatua moja, na mmoja akijikwaa wote wanaanguka. Wala haifai kipande kimoja kipotee. Ukipoteza robota moja la nguo umepata hasara, lakini ukipoteza kipande kimoja cha mashua umepoteza mashua yote.

Wakavifikisha vyote. Mashua ikaungwa, ikatiwa majini tarehe 8 Machi, 1875, na kwa muda usiofika miezi miwili ikazunguka Ziwa Victoria kwa tanga na makasia. Mwaka uliofuata ikabebwa tena hadi Ujiji, ikazunguka Ziwa Tanganyika. Kisha ikabebwa mpaka mto Lualaba na kuteremka Kongo. Nahodha wake wa usukani alikuwa kijana wa Zanzibar aitwaye Uledi, ambaye Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliwaokoa wenzake wengi wasizame. Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, watu walikuwa wamedhoofika kwa njaa hata hawakuweza tena kuibeba. Wakaiacha juu ya miamba. Waliofika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, mwezi Agosti hawakuzidi 120. Wengine walitoroka njiani, lakini wengi walikufa. Duniani kote mashua ile ilijulikana kwa jina la msichana wa Kimarekani, ambaye hakuwahi kuishika hata ubao mmoja.

Sasa tusogee mbele miaka 40 hivi, na turudi nyumbani Dar es Salaam. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati hapa mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200. Walitaka meli kubwa ya kuungana na reli hiyo katika Ziwa Tanganyika. Kiwanda cha Meyer cha mjini Papenburg kikaiunda meli hiyo mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilikuwa na urefu wa meta 71 hivi.

Meli ya ukubwa huo huwezi kuikokota. Wakafanya kama Stanley alivyofanya, ila kwa kipimo kikubwa. Baada ya kuiunga kiwandani ili kuhakikisha kila kitu kinaingia mahali pake, waliifungua yote tena na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakasafiri kwa meli hadi bandari yetu, yakapakuliwa na makuli, yakapandishwa katika mabehewa na kupelekwa Kigoma. Mafundi watatu walikuja kutoka Papenburg kusimamia kazi ya kuiunga, lakini kazi yenyewe ya kunyanyua mabamba, kupasha moto ribiti na kuzigonga moja moja ilifanywa na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Meli ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari, 1915, vita vikiwa vimekwisha anza. Baadaye ikafungwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia mto Rufiji Julai 1915. Mizinga ile nayo ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam.

Meli hiyo wengi wenu mnaifahamu, hata wale wasiojua kwamba wanaifahamu. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, wakazipaka injini zake mafuta mazito zisioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Miaka mingi iliyofuata ilibeba abiria, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu, na katika miaka ya 1990 ikabeba wakimbizi. Yote hayo yalipita bandarini kwetu yakiwa ndani ya masanduku.

Sasa njia ya pili: kukokota chombo kizima.

Waingereza nao walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Hawakuwa na reli ya kufika huko kutoka upande wao. Wakachukua boti mbili za injini zenye urefu wa futi 40 kila moja, zikapewa kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaita paka na mbwa. Kwetu sisi neno la kwanza lina maana nyingine kabisa, na sijui wapagazi waliosikia Kiswahili walifikiri nini walipoambiwa kwamba mzigo wao unaitwa "Mimi".

Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, wakati wa baridi ya kusini. Kutoka hapo zilipanda treni, zikavuka Rhodesia na kuingia Katanga nchini Kongo, hadi kituo cha Fungurume ambako reli ilikuwa imekomea. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, na hapakuwa na barabara. Na siku zilikuwa zinahesabika. Kipupwe kilikuwa kinaisha, na mvua zikinyesha kabla hawajavuka, ardhi ingegeuka tope na boti zingebaki huko huko.

Zikaletwa mashine mbili nzito za mvuke za kukokotea mizigo, pamoja na makumi ya ng'ombe. Boti zilikaa juu ya matela. Lakini msidhani mashine ndizo zilizofanya kazi. Kabla tela halijasogea hatua moja, mamia ya vibarua wa Kiafrika walikata miti, waling'oa visiki, walivunja mawe na kujenga madaraja ya magogo zaidi ya 100. Mashine zilipokanyaga, baadhi ya madaraja yalititia, yakajengwa tena. Penye mlima mkali mashine ilishindwa, wakafunga kamba na kapi kwenye miti, ng'ombe na watu wakavuta. Penye mteremko hatari iligeuka, maana tela likipata kasi humsukuma anayelivuta. Hapo ilibidi watu na ng'ombe walishike kwa nyuma lisiporomoke.

Dereva yeyote wa lori lenye tela anajua siri hiyo: kuvuta ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuzuia.

Kisha mashine za mvuke zikapata kiu. Bila maji hakuna mvuke, na kiangazi kilikuwa kimekausha vijito. Wakatafutwa wanawake wa vijiji vya jirani, wakachota maji mbali na kuyaleta kwa vyungu vichwani ili kuzinywesha mashine. Tafakarini picha hiyo: mashine kubwa ya chuma, fahari ya viwanda vya Ulaya, imesimama porini haiwezi kwenda mpaka mama mwenye chungu kichwani afike.

Mwishoni mwa Septemba 1915 walifika Sankisia, baada ya wiki sita hivi. Walipanda treni fupi hadi Bukama, wakashusha boti katika mto Lualaba. Hapo kiangazi walichokitegemea kikawageuka: mto ulikuwa na maji haba, boti zikakwama mchangani mara kwa mara, zikafungiwa mapipa ili zielee na kusukumwa kwa mikono. Hatimaye, kwa treni kutoka Kabalo, zilifika ziwani mwezi Oktoba, upande wa Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba, Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 boti ya Mimi pamoja na Kingani hiyo hiyo, iliyokwisha kupewa jina la Fifi, ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu vikaandikwa, na kamanda akapewa nishani.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa juu ya bega la mwingine unauona mwepesi. Katika vitabu vya safari hizi majina ya boti yako wazi, na majina ya makamanda pia. Wale waliojenga madaraja, waliochota maji, waliobeba vipande vya Lady Alice wametajwa kwa idadi tu, na mara nyingine hata idadi haikutajwa.

Na sasa turudi Kariakoo. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Jeshi lao, kama misafara ya zamani, lilikumbana na mbung'o waliomaliza wanyama na tope lililozamisha magari. Likategemea wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Hapa mjini waliwekwa kambini katika eneo la soko lililojengwa na Wajerumani. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua lile jina la jeshi, ukalilainisha, likawa Kariakoo. Hata Nairobi upo mtaa wenye asili hiyo hiyo.

Pale makutano ya Barabara ya Samora tunayo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini ukitazama juu unaona askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi hayuko pale juu. Huko Nairobi sanamu ya vita vile ina na mpagazi. Sisi mpagazi hatukumpa sanamu. Tumempa jina la soko, na kila siku tunalitaja mara 10 bila kukumbuka lilikotoka.

Pengine hilo si jambo baya. Sanamu hukaa kimya, lakini jina la Kariakoo liko midomoni mwa makondakta, wafanyabiashara na watoto wanaotumwa dukani. Lililobaki ni letu sisi tunaolitamka. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka hapa mwaka 2024, na malori makubwa yanapita Barabara ya Morogoro usiku na mchana. Hata hivyo, mzigo unaotoka kwenye behewa au lori hadi dukani kwako, ile hatua ya mwisho, mara nyingi bado uko juu ya mgongo wa mtu. Na hapo ndipo utamsikia mwenye duka aliyelipa nauli ya kontena bila kulalamika akibishana na mchukuzi juu ya shilingi 500.

Basi ukipita Msimbazi kesho ukasikia "Pisha njia! Mzigo huo!", pisha bila kununa. Na kama mzigo ni wako, mpatane ujira kabla hajaunyanyua, si baada ya kuutua, maana akishautua hana tena nguvu ya kudai. Mtaa ule una jina la kazi yake.